Makofi na Mswada

Karwirwa alikuwa akichimba viazi shambani kwake, juu kidogo ya soko la Timau. Mumewe, Gikunda, alivitia guniani. Baridi ilikuwa kali. Redio yao ndogo ilikuwa imetundikwa kwenye ua.

"Wakulima wamefurahia mswada wa kupanua mji," ilisema redio. "Waliipigia makofi kamati ya bunge la kaunti. Mswada ukipita, mashamba yote yaliyo juu ya barabara yatakuwa ardhi ya mji."

Karwirwa aliacha jembe. "Mashamba yapi? Haya yetu?"

"Haya haya," alijibu Gikunda. "Na makofi ni yako, Mama Mwendwa. Nani alisimama mkutanoni akasema, 'Tuwapigie makofi ya kilo, yale mazito'?"

"Walikuwa wageni! Mgeni akimaliza kuzungumza, utamkodolea macho tu?"

"Basi wageni wako wamependa hapa. Wanataka kubaki."

Karwirwa hakucheka. Alinawa mikono, akaenda kwa jirani yake, Gladwell. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha vikundi vya wanawake kuhusu haki za raia.

"Mwalimu, nimelitoa shamba letu kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hujalitoa," alisema Gladwell. "Mswada si sheria. Mswada ni pendekezo. Bunge halijaupigia kura, na kamati bado inapokea maoni. Je, uliusoma?"

"Niusome wapi? Nilisikia 'maendeleo', nikapiga makofi."

Gladwell alifungua mswada kwenye simu yake. "Shida iko hapa, katika kifungu cha nane. Shamba likigeuzwa kuwa ardhi ya mji, utalilipia ada kila mwaka kama mwenye duka. Majirani watakata ploti na kujenga nyumba za kupangisha. Kisha wapangaji watalalamika kwamba ng'ombe wako wananuka."

"Wananuka! Na maziwa watanunua wapi?" Karwirwa alikasirika. "Basi twende tukawazomee."

"Ukizomea, watakumbuka kelele tu. Taja kifungu unachokipinga. Toa sababu. Halafu onyesha njia nyingine, kwa maana mji nao unahitaji nafasi. Unaweza kusema mkutanoni au kuandika, mradi usichelewe. Kamati itarudi Alhamisi."

Jioni hiyo kikundi chao cha wanawake kilikutana. Gladwell alisoma, na Karwirwa akaeleza kila sentensi kwa Kimeru. Walibishana sana. Hatimaye wakakubaliana watakalosema.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati alizungumza vizuri, akamaliza kwa tabasamu. Jirani mmoja, Muthomi, aliinua mikono kwa mazoea apige makofi. Karwirwa alimtazama kwa jicho kali. Muthomi akajikuna kichwa.

"Mbona leo mko kimya?" aliuliza mwenyekiti.

Karwirwa alisimama. "Mheshimiwa, karibu sana. Siku ile tuliwapigia makofi kwa heshima. Tuliwakaribisha nyinyi, hatukuukaribisha mswada. Leo tunapinga kifungu cha nane. Udongo wetu unalisha soko hili lote. Ukimwagiwa saruji, hautalimwa tena. Chini ya barabara kuna ardhi ya mawe ambayo hata mbuzi wanaidharau. Mji ukue huko."

"Na wanaotaka kuuza mashamba yao?" aliuliza mjumbe mmoja.

"Wauze, mheshimiwa. Lakini wamuuzie mkulima."

Ukumbi ulicheka, na mjumbe pia akacheka. Kisha watu wengine wakasimama, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alitoa sababu yake. Mwishowe Gladwell alikabidhi maoni yao kwa maandishi.

Wiki iliyofuata, kamati ilikuja kutazama mashamba na ile ardhi ya mawe. Ilipotoa ripoti yake, ilipendekeza kifungu cha nane kiondolewe na mji upanuliwe chini ya barabara. Bunge lilikubali. Mashamba yalibaki mashamba.

Mvua zilipoanza, Gikunda alirudi kutoka sokoni na miche ya matufaha. Alikuwa ameogopa kupanda miti tangu waliposikia ile habari redioni. Sasa alichimba mashimo kwenye mpaka wa shamba, akapima nafasi kwa hatua zake.

"Baba Mwendwa, hii miti itazaa mwaka huu?" Karwirwa aliuliza.

"Hapana. Itachukua miaka."

"Na wewe utaisubiri?"

Gikunda aliushindilia udongo kwa kiatu. "Nitaisubiri. Kwani tunaenda wapi?"