Picha Yenye Meno

"Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka, dada yangu. Nayaona meno mpaka ya nyuma kabisa."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na foleni ya picha za pasipoti ilikuwa imetoka mlangoni, ikashuka ngazi mbili, ikapinda kona mpaka karibu na geti la idara ya uhamiaji. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu: kiti cha kuzunguka, taa mbili zenye miavuli, kioo kilichopasuka pembeni, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee na wateja. Kila mtu alikuwa na fomu mkononi na usingizi machoni. Na pale kitini alikaa mwanamke mwenye gauni la rangi ya haradali, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni kama mkufu, anacheka peke yake.

"Jamani, wengine tuna haraka!" mtu wa mlangoni akafoka.

"Nisamehe, kaka," mwanamke akamwambia mpiga picha. "Ni hilo pazia lako la nyuma."

"Lina nini?"

"Umelitundika ndani nje. Mishono yote inatutazama. Mimi kazi yangu ni mapazia, siwezi kuona kitu kama hicho nikatulia."

Mpiga picha akageuka akalitazama pazia lake la buluu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono yake ikasimama kama ubao. Miaka minne pazia lilikuwa pale. Watu maelfu walikuwa wamekaa mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyesema neno.

"Sasa nimeliona," akasema polepole, "na sitaweza tena kutoliona. Umeniharibia siku."

Mwanamke akaangua kicheko upya. Picha saba zikaharibika. Ya nane ikamtoa amenuna kama mtu aliyemeza kwinini, na hiyo ndiyo iliyokwenda kwenye kibali chake cha kazi.

Jioni alirudi na sindano, uzi na kulabu. Akapanda kwenye kiti cha kuzunguka, huku mpiga picha amekishika kisizunguke, akalishusha pazia, akaligeuza, akalipinda upya. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono.

"Hilo sasa ni pazia. Lile la kwanza lilikuwa shuka lililokata tamaa."

Mtaa mzima ulimwita mpiga picha huyo Usicheke, maana neno hilo lilitoka mlangoni pake mara mia kwa siku. Yeye alimwita mwanamke Fundi. Basi Usicheke akaanza kumpigia Fundi simu kila mchana, saa ambayo karakana ya mapazia husimamisha cherehani ili watu wapate chakula.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Bwana, umenipigia uandike menyu?"

"Nimekupigia nisikie ukicheka. Huku watu wote wamenuna."

"Si wewe unayewanunisha!"

Mapenzi yao yalikwenda hivyo, kwa utani na simu, mpaka siku moja Usicheke akasema amechoka kumsikia kwa mbali kama redio. Wakafunga ndoa. Wakapanga vyumba viwili juu ya duka la matairi. Nyumba ilinuka mpira mpya, lakini mapazia yake yaliwafanya wapita njia wainue vichwa.

Fundi alitoka ng'ambo ya mpaka. Kwao alimwacha mama yake mzazi na dada yake mkubwa, na kibali chake cha kazi kilikuwa cha mwaka mmoja tu. Kwa hiyo mume na mke wakaomba ukaazi wa mke. Walikusanya vyeti mezani, wakapanga, wakabana.

"Kwenye picha usiniingilie," Usicheke alisema. "Picha niachie mimi. Hapo hunifundishi."

Karani wa dirisha la nne, mama mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alipokea faili akawatazama wote wawili.

"Sikiliza vizuri, binti yangu. Ombi likiwa ndani, hutoki nchini mpaka ukubaliwe. Ukiwa na dharura, unaomba barua ya ruhusa ya kusafiri. Ukivuka mpaka bila hiyo barua, ombi umelifuta mwenyewe kwa miguu yako. Na kurudi, utangoja huko huko kwenu. Mwaka, miaka miwili, sijui. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Miezi sita ikapita. Ukaazi kimya.

Kisha dada yake akapiga simu. Mama, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, amepata nafasi hospitalini. Baada ya wiki tano, siku ya Alhamisi, atapasuliwa jicho la kwanza, na bandeji itafunguliwa Ijumaa.

"Nipe simu," sauti ya mama ikasikika nyuma. "Mwanangu? Unakumbuka uliniahidi nini?"

"Nakumbuka, mama. Siku utakayofunguliwa, wa kwanza kumwona niwe mimi."

"Ndiyo. Daktari nitamwona baadaye, yeye hana haraka. Na huyo mwanamume wako mje naye. Tangu mmeoana namsikia akikohoa tu kwenye simu. Ana kikohozi cha mtu mwema, lakini kikohozi si sura."

Fundi akaomba barua ya ruhusa siku hiyo hiyo. Wiki tatu, kimya. Mwezi, kimya. Kila asubuhi Usicheke alisema, "Mke wangu, vuta subira," na kila asubuhi subira ilizidi kuwa fupi, kama kitambaa kilichokatwa vibaya.

Jumatatu ya wiki ya kupasuliwa, Usicheke alikwenda mwenyewe dirisha la nne. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Hakuvua hata viatu. Akasimama katikati ya chumba, kamera shingoni, jasho kwenye mdomo wa juu.

"Wamesemaje?" Fundi akauliza.

"Wamesema... bado kidogo."

"Kidogo gani? Mama yangu anapasuliwa Alhamisi!"

"Siku chache. Wiki labda. Usiende kabla ya barua, nakuomba."

"Mimi nakwenda kesho."

"Ukienda, faili linafungwa!"

"Faili, faili, faili!" Machozi yakamtoka Fundi. "Hebu niambie, umenioa mimi au umeoa faili?"

Usicheke akafanya jambo ambalo hata wewe msomaji ungemtupia kiatu. Akainua kamera.

"Njoo ukae hapa dirishani," akasema kwa sauti ndogo. "Nikupige picha moja. Ya haraka. Usi..."

"Ati nini?"

"Usicheke."

Fundi alimtazama mumewe kama mtu anayemwona mara ya kwanza. Yeye analia, mtu anamwambia asicheke! Akaingia chumbani, akafunga mlango. Usiku huo Usicheke alilala kwenye kochi, miguu nje kuanzia magotini.

Siku ya pili mchana Fundi alikuwa kituo cha mabasi ya mbali, gauni lile lile la haradali, begi moja miguuni. Basi lingeondoka saa tisa. Akakaa kwenye benchi akiwa na tiketi mkononi, na tiketi ilikuwa nzito kama jiwe. Aliwaza mawili, na yote mawili yaliuma: mama afungue jicho asimkute, au yeye avuke halafu asirudi tena kwenye vyumba vile viwili vinavyonuka mpira. Alikuwa amemkasirikia mumewe, lakini hasira si talaka. Aliyajua hayo, na ndiyo maana alilia.

"Fundi!"

Usicheke alikuwa anakuja mbio kati ya mabegi, shati limemtoka suruali, kamera ikimgonga kifuani, na kwapani amekumbatia pazia lote la buluu.

"Usiniguse," Fundi akasema.

"Sikugusi. Nisikilize tu, kisha upande basi ukitaka." Akachomeka shati upande mmoja. "Barua haikuchelewa kwa ajili yao. Imechelewa kwa ajili yangu."

"Unasema nini?"

Akatoa kwenye mfuko wa shati picha ndogo yenye tundu la pini pembeni na mstari wa kalamu nyekundu. Fundi akaichukua. Ni yeye mwenyewe, anacheka, meno yote nje, macho yamekuwa mistari miwili.

"Hii ndiyo niliyoweka kwenye faili," Usicheke akasema. "Imekataliwa miezi mitano iliyopita. Faili lenye kasoro halisogei, na barua ya safari haitoki kwenye faili lisilosogea. Orodha ya kasoro hubandikwa ubaoni pale getini. Kila siku nasimama mbele ya ubao huo nikiwaita wateja: picha yako imekataliwa, njoo kwangu! Sikuwahi kutafuta jina lako. Jana karani alinionyesha. Akavua miwani yake, akaniambia, kinyozi hajinyoi."

"Wewe? Wewe ndiye uliyeweka picha yenye meno?"

"Nilipiga mbili. Moja umenuna, moja hii. Nikaikata ile ya kununa, nikaitazama mezani." Akalihamishia pazia kwapa la pili. "Nikaona, huyu ni nani? Mimi huyu simjui. Wakitaka kumjua mke wangu, wamjue huyu anayecheka. Ni upumbavu, najua. Jana nikaona aibu kukwambia. Nikadhani nitapiga nyingine haraka niipeleke, hutajua."

Watu wa benchi la pili walikuwa wameacha kutafuna.

"Mpige picha basi!" mama mmoja mwenye kikapu akasema. "Si umekuja na pazia?"

"Mama, haya ni ya mtu na mkewe."

"Ya mtu na mkewe mmeyaleta stendi!"

Kondakta wa basi akashika ncha moja ya pazia, mama wa kikapu akashika nyingine. Fundi akakaa kwenye benchi mbele ya pazia, macho mekundu, midomo imefungwa kama pindo. Usicheke akainua kamera. Neno lake la kila siku lilimfika ulimini, akalimeza. Halikuhitajika. Tangu wajuane, hiyo ilikuwa mara ya kwanza picha kutoka kwa mkupuo mmoja.

"Karani ameniambia nikiipeleka leo, barua itatoka baada ya siku tisa," akasema. "Ijumaa hutaiwahi. Sitakudanganya tena. Ukipanda basi, nitafunga studio nikufuate kwenu, ningoje na wewe huko huko. Ukibaki, nitabeba aibu yangu. Chagua wewe."

Honi ya basi ikalia. Fundi akachukua simu, akampigia mama. Akamweleza yote, hata tundu la pini. Upande wa pili mama akaanza kucheka, kicheko kile kile alichomrithisha bintiye.

"Mwanangu, mimi macho nina mangapi?"

"Mawili, mama."

"Alhamisi wanapasua moja. La pili ni wiki mbili baadaye. Hili la kwanza acha nimwone dada yako, ameniogesha na kunilisha miaka miwili, naye ana haki. La pili ni lako. Uje na barua yako, uingie kwa mlango na utoke kwa mlango. Sitaki jicho langu likuvunjie nyumba."

"Mama, niliahidi."

"Na mimi ndiye niliyeahidiwa, au nani? Nimesogeza siku. Nipe huyo mkohozi."

Usicheke akapokea simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo picha waliyoikataa, nitumie. Uikuze. Jicho langu litakuwa changa."

Basi likaondoka bila Fundi. Jumatano basi la saa tisa likabeba bahasha kubwa kama sinia, na kondakta aliibeba mapajani kama mtoto.

Nyumbani Fundi hakuongea naye siku mbili. Alimpikia, ndiyo, lakini alikuwa akimwekea sahani mezani bila kusema "karibu". Usicheke naye alikula akiwa ameinamisha kichwa, akaosha vyombo, akarudi kwenye kochi lake.

Ijumaa saa nne asubuhi simu ikalia. Dada aliiweka sauti juu. Wakasikia kitanda kikilia, mkasi, daktari akisema polepole, mama, polepole. Kisha mama akasema, "Wewe! Umezeeka!" na dada akacheka huku analia. Ikasikika karatasi ya bahasha ikichanwa.

Fundi alikuwa ameushika mkono wa mumewe bila kujua.

"Haa," mama akasema. "Mbona anacheka hivi? Nani kamchekesha?"

"Mpiga picha, mama," Fundi akajibu. "Alikuwa upande wa pili wa kamera, hayumo."

"Yumo," mama akasema. "Nimeshamwona. Mwambie alale kitandani, kochi litamvunja mgongo."

"Mama! Nani amekwambia?"

"Anakohoa kama mtu aliyelala vibaya."

Barua ikatoka siku ya tisa kama ilivyoahidiwa, siku kumi na nne za ruhusa, mhuri wa buluu. Usicheke alimsindikiza mpaka mlangoni mwa basi, akamfunga skafu shingoni, akamfungua, akamfunga tena.

"Siku kumi na nne, Fundi. Ya kumi na tano nitakuja kukushona kwenye gunia nikurudishe."

"Hata sindano huwezi kuishika, laazizi."

Mpakani, afande aliifungua barua, akaitazama picha ya mwanamke aliyenuna, macho mekundu, nyuma yake pazia lililokunjwa upande mmoja kwa vidole vya mtu. Akamtazama aliyesimama mbele yake, gauni la haradali, meno nje.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, afande. Siku hiyo nilikuwa nimemnunia mume wangu."

"Hebu nuna kidogo nikuone."

Fundi akakaza midomo. Akajaribu kufikiria mambo mabaya. Lakini kilichomjia ni mtu mrefu anakimbia stendi na pazia kwapani, shati nje, na kicheko kikampasuka kabla hajakizuia. Afande akangoja. Akangoja tena. Mwisho naye akatikisa kichwa, mabega yakaanza kumcheza, akagonga mhuri.

"Pita, dada. Na ukirudi," akasema, akimrudishia barua, "rudi hivyo hivyo. Nitakukumbuka kwa meno."