Mpaka Pikipiki Iache Kuvuja

Batuli alikuwa mwanamke wa usafi, tena usafi wa kukera. Majirani zake pale Makurunge walimtania kwamba hata kuku wakipita uani kwake hufuta miguu kwanza. Sakafu yake ya saruji aliipiga deki asubuhi na jioni, na wageni walivua viatu mbali kabla hawajaambiwa. Sasa mtu wa namna hiyo Mungu akamjaalia mume mwenye pikipiki inayovuja oili.

Yahya, mumewe, alikuwa akibeba uduvi na samaki wakavu kutoka Saadani na kuwapeleka sokoni Bagamoyo. Pikipiki yake ilikuwa na nguvu bado, ila kifuniko cha filta ya oili, upande wa kulia wa injini, kilikataa kukaza. Oringi yake, ule mpira mwembamba wa duara unaoziba kifuniko, ulikuwa umekakamaa, na bolti moja uzi wake umeliwa. Njia nzima oili ikimtonea Yahya mguu wa kulia. Akirudi alasiri akavua kandambili, akivuka kizingiti tu, sakafuni panabaki unyayo mmoja mweusi, wa kulia. Batuli alishika tambara akadeki huku akilalama, na Yahya akacheka. Mchezo huo waliuzoea wote wawili, na ukiwauliza majirani watakuambia ndoa ile ilikuwa na raha yake.

Asubuhi moja Batuli alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kudeki. Yahya alishawasha pikipiki, akakumbuka kofia yake ngumu, akarudi ndani mbio kuichukua. Unyayo ukabaki katikati ya sebule, mweusi, unang'aa. Siku hiyo Batuli aliamka vibaya. Alitupa tambara chini akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani:

"Yahya! Mguu huo usiingie tena ndani kwangu mpaka hiyo pikipiki iache kuvuja. Umenisikia?"

Yahya akasimama nje ya mlango, kofia mkononi. Hakucheka.

"Haya, mwenye nyumba," akasema, akaondoka.

Alikusudia kupita kwa kaka yake Amiri, aliyekuwa fundi pikipiki pale pale kijijini, amtengenezee. Lakini wenye samaki walikuwa wakimpigia simu mfululizo, akaona atatengeneza akirudi. Karibu na daraja la Wami oili ikawa imekwisha bila yeye kujua. Injini ikanata, gurudumu la nyuma likajifunga, akarushwa mbele ya lori. Adhuhuri haijaadhiniwa, habari ikafika Makurunge.

Kwa kuwa nyumba ya Batuli ilikuwa ndogo, msiba uliwekwa kwa mama mkwe wake, Bi Hafidha. Huko ndiko maiti ilikooshwa na kuvishwa sanda, na huko ndiko jeneza lilikotokea. Kabla halijatoka wanawake walimuuliza Batuli kama amemridhia mumewe, akajibu, "Nimemridhia." Alisema kwa moyo wake wote. Lakini lile neno la asubuhi hakulitaja, na wala hakuna aliyemuuliza.

Akarudi nyumbani kwake kukaa eda, na Bi Hafidha akahamia kwake wakae pamoja. Nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka, hakuna kuonana na mwanamume asiye maharimu wake. Hata Amiri, shemeji yake, akija kuwajulia hali alisimama ukumbini nje ya pazia la mlango, wakasemeshana bila kuonana. Pikipiki iliyopondeka ililetwa ikaegemezwa kwenye banda uani, karibu na ngazi ya mlango wa nyuma.

Siku za mwanzo zilipita kwa kilio tu. Kisha alasiri moja Batuli akasikia harufu ya oili iliyoungua. Akafungua mlango wa nyuma. Kwenye ngazi, nje ya kizingiti, palikuwa na unyayo mmoja mweusi. Wa kulia. Vidole vimeelekea ndani.

"Amiri huyo, kapita kuangalia pikipiki," Bi Hafidha akasema.

Amiri alipokuja jioni akaapa kwamba alishinda kibandani kwake mchana kutwa. Batuli akadeki ngazi. Kesho yake, saa ile ile Yahya aliyokuwa akirudi, harufu ikaja. Unyayo ukawa pale pale. Haukuvuka kizingiti hata kwa ncha ya kidole.

Chini ya pikipiki napo palikuwa na dimbwi dogo la oili. Amiri akachuchumaa, akalegeza bolti ya kumwagia oili chini ya injini, akasubiri. Akasubiri tena. Halafu akazungumza na shemeji yake nyuma ya pazia, na sauti yake haikuwa sawa.

"Shemeji, injini hii kavu. Haina hata tone."

"Sasa kinachovuja ni nini?"

Amiri aliweka kopo la maziwa ya unga chini ya filta, akaaga. Asubuhi kopo lilikuwa limejaa.

Bi Hafidha alikuwa mwanamke mkavu, asiyebabaika. Aliita watu wakasoma Yasini uani, akafukiza ubani, akanyunyiza ngazi maji ya zamzam. Alasiri unyayo ukarudi. Ndipo Batuli alipomwambia mama mkwe wake lile neno, lote, kama alivyolisema, na akalia mpaka akashindwa kupumua.

"Anasubiri, mama. Nimemkataza mimi. Kila siku anarudi kwake, na hawezi kuingia kwa sababu yangu."

Bi Hafidha akamshika mkono kwa nguvu.

"Nisikilize, mwanangu. Nilimzaa mimi, na uchungu wangu anaujua Mungu. Lakini usimkaribishe. Mtu aliyekwisha kuzikwa ukimwingiza ndani, akitoka hatoki peke yake. Umenielewa?"

Batuli akaitikia kwa kichwa. Siku ya pili yake akamkuta Bi Hafidha kwenye ngazi, amechutama mbele ya unyayo, kiganja chake amekilaza juu yake taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Bi Hafidha akanyanyuka akaenda kunawa.

Wazo moja tu likabaki kichwani mwa Batuli. Alisema mpaka pikipiki iache kuvuja. Basi iache kuvuja. Ikishaacha, katazo limekwisha, na akija atamwambia karibu, liwalo na liwe. Onyo la mama mkwe, kwamba akitoka hatoki peke yake, halikumtisha; alikuwa amechoka kulala kitanda kizima peke yake.

"Shemeji," akamwambia Amiri nyuma ya pazia, "itengeneze hiyo filta."

"Batuli, pikipiki yenyewe imekufa. Injini imenata, uma umepinda. Nitengeneze filta ya nini?"

"Itengeneze tu. Nakuomba kwa haki ya ndugu yako."

Amiri akafungua kifuniko, akachonga upya uzi wa bolti iliyoliwa, akasafisha mfereji ambamo oringi hukaa. Ile kuukuu ilikatika vipande mkononi mwake. Mpya ya saizi ile hakuwa nayo. Akarudishia kifuniko bila kukikaza, akasema kesho ataifuata Bagamoyo, na alasiri atakuja kumaliza.

Kesho yake alasiri Bi Hafidha alikuwa amepitiwa na usingizi chumbani. Jua lilikuwa kali, na uani palikuwa kimya hata kuku hawasikiki. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Batuli alikuwa ameketi mkekani nyuma ya pazia hilo akichambua mchele, aliposikia mlio wa spana kwenye chuma.

Moyo wake ukatulia. Amiri kaja.

"Shemeji, umeipata oringi?"

Spana ikanyamaza.

"Imepatikana."

Sauti ilikuwa ya chini, kavu, ya mtu aliyekula vumbi la safari. Batuli akamhurumia. Barabara ya Bagamoyo na jua lile.

"Upatiwe maji?"

Spana ikalia tena. Ikakaza. Ikakaza. Kisha hatua zikaja mpaka kwenye ngazi.

"Nipe kitambaa."

Batuli akachana kipande cha kanga kuukuu, akakipitisha chini ya pazia. Vidole vikakipokea. Viligusa vyake kidogo tu. Vilikuwa na oili, na vilikuwa baridi kama maji ya mtungini. Katika jua lile.

Akaurudisha mkono wake. Akautazama. Nje, kitambaa kilikuwa kikifuta kitu. Polepole. Kwa uangalifu. Kisha ukasikika mguu ukisuguliwa kwenye saruji, kisigino, halafu vidole.

"Haivuji tena," sauti ikanong'ona.

"Sasa niingie?"

Amiri asingeuliza hivyo. Hakuna mwanamume Makurunge nzima ambaye angeuliza hivyo kwenye mlango wa mwanamke aliye edani. Hakuna, ila mmoja.

Batuli akainamisha macho. Chini ya pazia palikuwa na mguu wa kulia. Umefutwa ukatakata. Hauna alama hata moja ya oili. Kwenye kucha tu palibaki mchanga mwekundu, kama ule wa makaburini.

Neno alikuwa nalo. Alilala nalo, aliamka nalo, alikuwa amelirudia chini ya shuka siku zote hizo. Karibu. Karibu ndani, mume wangu. Akafungua kinywa. Ungo ukamponyoka, mchele ukamwagika mkekani, na hofu, hofu tu ya kiumbe aliye hai, ikamziba. Pazia likavimba kidogo kwa ndani, usawa wa paji la uso, kama mtu ameliegemea. Linasubiri. Linampa nafasi. Batuli akaweka kiganja chake mdomoni, akakibana.

Pazia likalegea. Mguu ukarudi nyuma.

"Haya, mwenye nyumba."

Ilisemwa kwa upole, bila kinyongo. Nahisi ingekuwa kwa hasira, Batuli asingeumia vile. Alipopata sauti ilikuwa ya ukelele, akaruka, akalivuta pazia likakatika, akatoka uani kichwa wazi katika eda yake, akipiga kelele, "Ingia! Yahya, ingia! Ingia!" Uani hapakuwa na mtu. Juu ya ngazi kilikuwapo kile kipande cha kanga, kimekunjwa vizuri, upande mmoja mweusi.

Bi Hafidha alimkuta amekaa chini amekikumbatia. Akamwingiza ndani, akamfunika. Walikuwa hawajatulia bado hodi ilipobishwa mlango wa mbele.

"Hodi! Shikamoo, mama. Nisamehe, nimechelewa. Nimezunguka maduka yote ya Bagamoyo, ndiyo kwanza nashuka."

Alikuwa Amiri, na oringi mpya bado iko ndani ya kikaratasi chake.

Hakuambiwa kitu. Bi Hafidha alimwonyesha uani tu. Akaona kopo chini ya pikipiki ni kavu, na kifuniko cha filta kimekazwa mpaka mwisho, bolti zote. Akachukua spana akakifungua. Batuli aliyekuwa dirishani alimwona akikaa chini taratibu.

Mahali pa oringi palikuwa na ukanda wa kitambaa cheupe, umesokotwa mwembamba, ukazungushwa ndani ya mfereji wake ukaenea barabara. Kitambaa kipya, cha dukani, kilichochanwa kwa mkono. Amiri aliutambua mchano wake. Yeye ndiye aliyechana sanda ya mdogo wake, na yeye ndiye aliyeifunga.

"Huu ulikuwa ukanda wa kufungia sanda miguuni," akasema. "Mama, huu ulikuwa wa miguuni. Nilishuka kaburini mpaka mwanandani, nikaufungua fundo kwa mkono wangu, nikauacha humo humo."

Bi Hafidha akamwambia arudishie kifuniko. Kaburi walikwenda kulitazama asubuhi, wakalikuta limetulia, udongo haujaguswa, majani yameanza kuota juu yake.

Tangu siku ile unyayo haukuonekana tena. Eda ilikwisha, Batuli akaoga, akabadili nguo, ndugu zake wakaja kutoka Ubena kumchukua. Alikataa kuondoka. Alinunua oili akaimimina kwenye injini ile iliyokufa, akailegeza bolti ya kwanza, ya pili, akazilegeza zote. Alikaa mbele yake mchana kutwa na kopo mkononi. Halikudondoka tone.

Bado yuko pale. Ukipita Makurunge alasiri utamwona anafungua mlango wa nyuma, anainua pazia, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibu ndani, Yahya. Ingia na mguu huo huo." Anangoja mpaka kivuli cha banda kifike ngazini, kisha anafunga. Majirani walizoea, hawamtanii tena. Kile kipande cha kanga kimekunjwa chini ya mto wake, na oili yake haijakauka mpaka leo. Sakafu ni safi kutoka mlango mpaka mlango, na yeye haipigi deki tena.