Mita Mia Tisa Hadi kwa Bulonza

Saa ya Cédric ilitetemeka mkononi mara mbili, ikamwonyesha apinde kushoto, mahali ambapo hapakuwa na njia.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Cédric, mchora ramani wa shirika moja la Bukavu, alikuwa akipanda msitu wa mianzi juu ya Kabare pamoja na Virginie, mwenzake wa ofisini. Saa ile ilikuwa na ramani ndani. Ilionyesha mshale na umbali uliobaki. Virginie aliinama kuitazama, akauliza kwa nini imeandika jina la mtu. Kwenye kioo palisomeka: Bulonza, mita 900.

Cédric akasema mashine imekosea. Akaifuta njia ile, akaandika upya jina la kilele, wakashika kulia. Saa ikatetemeka tena. Bulonza, mita 850. Walikuwa wameupa kisogo upande wa kushoto, lakini umbali ulizidi kupungua.

Jina hilo Virginie alilijua. Bulonza, mtu wa Mudaka, ndiye aliyemwongoza Cédric msituni miaka miwili nyuma, walipokwenda kupima ramani. Cédric alirudi peke yake, akasema mwenzake ameachana naye njiani na kwenda kuchimba dhahabu Shabunda. Colombe, mkewe Bulonza, alikuwa angali akimngoja.

Ukungu ukashuka. Pakaanza kunuka tumbaku iliyolowa, kisha kitu kilichooza. Cédric alijaribu kuivua saa, lakini kila alipoigusa mkanda ulizidi kubana, hata vidole vyake vikawa vyeusi, na mara ile saa, ambayo tangu ainunue haikuwahi kutoa neno, ikasema kwa sauti ya mtu mzima aliyekauka koo kwa kiu.

"Tonton Cédric, pinda kushoto. Njia unaijua."

"Ule ni nani?" Virginie alinong'ona.

Miguu ya Cédric ilikuwa imekwisha kupinda, naye Virginie, aliyeogopa kubaki peke yake kuliko kufuata, akamfuata akiwa ameshika mkoba wake, huku mianzi ikilia kushoto na kulia kama mtu anayejikokota sambamba nao, hata wakafika ukingoni mwa korongo na saa ikanyamaza.

Chini ya majani palikuwa na buti mbili na mifupa. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Kwenye shina la mwanzi lililokuwa karibu, mtu alikuwa amekwaruza mistari kumi na mmoja.

Cédric akaketi chini. "Alivunjika muguu," alisema. "Nikasikia masasi ya bunduki kule chini, nikaogopa. Nilimuambia nitarudi na batu. Nilipofika Bukavu, nikapata haya ya kusema nilimukimbia."

Virginie alikuwa akihesabu kwa kidole. "Alikungoja siku kumi na moja," akasema taratibu. "Na wewe ulikuwa Bukavu, unakula."

Cédric akamsihi anyamaze, wafunike mifupa kwa majani, washuke. Hapo saa ikasema tena, safari hii kwa upole.

"Maman, wewe shuka na njia ya mutoni. Haina taabu. Yeye anabakia."

Udongo ukameguka chini ya Cédric. Virginie alisikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia kilio. Hakuweza kumfikia. Akamwambia kwamba atarudi na watu.

"Hata yeye alisemaka vile," saa ikajibu kutoka korongoni.

Virginie alifika Mudaka saa saba. Kabla jua halijazama alikuwa amerudi na Colombe pamoja na wanaume wanane. Walimkuta Cédric akiwa hai, midomo imepasuka, mashavu yamebonyea, ndevu zimejaa. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Kwenye shina jingine palikuwa na mistari kumi na mmoja mipya. Aliapa kwamba amelala pale siku zote hizo, na hakuna aliyeweza kumwambia vingine.

Bulonza alizikwa Mudaka. Papa Élie, katekista, aliiombea ile saa na kuifukia mbali na nyumba za watu, akasema mambo yamekwisha.

Mguu ulipopona, Cédric alitoka kwake Bagira kwenda kazini. Alitembea akiwaza mengine, alipoinua macho akajikuta uani kwa Colombe. Siku ya pili ikawa vilevile. Akapanda gari la kwenda Sange, upande mwingine kabisa, aliposhuka akakanyaga udongo wa Mudaka. Aliombewa, akafungiwa ndani na ndugu zake. Wakati wa kwenda Mudaka ulipofika, aliuvunja mlango.

Colombe hamtukani wala hamkaribishi. Akimwona ametokea, humwambia maneno yaleyale.

"Jembe liko nyuma ya nyumba."

Na Cédric hulima, mpaka miguu yake ikubali kumrudisha kwake.