Mbelu na Mdomo wa Mfereji

Kila alipotoka shule, Mbelu alipita nyuma ya nyumba yao akiwa amebana pua. Mfereji wa mtaa wao huko Kasulo ulinuka kama nyama iliyosahauliwa juani. Maji yake yalikuwa meusi yenye povu, na funza walijaa kandokando. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili aliuchukia mfereji ule kuliko kitu chochote.

Wakati huo wazee wa mtaa walikuwa wakitaka kuufunika kwa zege. Walimwomba dada mkubwa wa Mbelu, Tatiana, aliyesomea uhandisi wa maji, auchunguze kwanza. Tatiana aliuchora mfereji kwenye kompyuta, akaingiza maji machafu ya nyumba zote, akaiacha mashine ikokotoe yatakavyotiririka. Matokeo yakaja kama picha ya rangi.

"Hapa pamekuwa pekundu," Mbelu alisema. "Basi maji ni mengi."

"Hapana. Rangi inaonyesha kasi ya maji, si wingi wake. Chora mstari kwenye picha, mdomoni mwa mfereji, pale maji yanapotokea." Mbelu akauchora. "Sasa kompyuta inagawa ule mdomo vipande vipande. Inazidisha kasi ya maji kwa ukubwa wa kila kipande, halafu inajumlisha vyote."

Jibu likatokea: lita mbili kila sekunde.

"Hayo ni maji ya mfereji usioziba," Tatiana alisema. "Sasa chukua ndoo ya lita ishirini, uende mdomoni kwenyewe. Ikijaa kwa sekunde kumi, mfereji ni muzima. Ikikawia, ndani kuna kitu kinazuia."

Mbelu alifika karibu. Panya aliyevimba alikuwa akielea, nepi imemzonga shingoni. Mbelu akageuka, akailowesha ndoo kwenye bomba la jirani, akarudi nyumbani.

"Sekunde kumi, yaya," alimwambia dada yake.

Mfereji ukafunikwa.

Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalikosa njia. Yalifumuka jikoni kwa jirani yao, Mama Fifi, yakiwa na kinyesi na nywele. Yalilowesha unga, yakapanda mpaka kwenye godoro la mtoto wake mchanga. Kesho yake mtoto akaanza kuhara, akapelekwa zahanati.

Mbelu alitumwa kusaidia kuteka ule uchafu. Harufu ilimganda kwenye nguo, hata mate yake aliyaona machungu. Mama Fifi, aliyekuja kuchukua kanga za mtoto, akamwambia, "Aksanti, mama. Mungu akubariki."

Maneno yale yalimtia Mbelu kinyaa kuliko maji yenyewe, kwa kuwa sasa alijichukia mwenyewe. Alikimbia nyumbani.

"Yaya, mi sikupima," alisema akilia. "Niliona kinyaa. Nilikuambia tu ile namba ya kompyuta."

Tatiana akatoa buti na glavu. "Twende."

Mdomoni mwa mfereji, ndoo ilijaa polepole mno. Vijana wa mtaa wakavunja zege, wakavuta magunia ya tope linalobaki watu wakiosha mawe ya madini, matumbo ya mbuzi, na matambara yaliyooza. Mbelu alitapika, akafuta mdomo, akaishika tena ndoo. Walipomaliza, maji yalitoka kwa nguvu, na ndoo ikajaa kwa sekunde kumi na kidogo.

Mtoto wa Mama Fifi alipopona, baba yao, Tata Badibanga, alimchukua Mbelu wakaenda kumwomba mama yule radhi. Njiani kurudi, akamwambia:

"Kompyuta haikukosa. Ilisema mfereji safi ungepitisha maji kiasi gani. Mfereji wetu ulivyo, hilo ulitumwa wewe kulitazama. Kuona kinyaa si kosa, mwanangu. Ungerudi ukasema umeshindwa, tungekwenda pamoja. Uchafu wa mfereji unatoka kwa maji na sabuni. Lakini uongo wako ulikwenda kutokea jikoni kwa mwenzako, na mtoto asiyejua lolote ndiye aliyeugua."

Mbelu aliinamisha kichwa. "Nimesikia, tata."