Jina Ambalo Kamanthe Alikataza Kuandikwa

Neno la kwanza kufutika lilikuwa "inaaminika".

Dkt. Mwongeli alidhani ni Musau. Walikuwa wakiandika makala pamoja mtandaoni, yeye ofisini kwake chuoni Machakos, Dkt. Musau nyumbani kwake Syokimau, wote ndani ya faili moja. Saa nane mchana. Mwongeli alikuwa ameandika, "Inaaminika kuwa jini huyu aliishi msituni Kivaa." Akageuka kumimina chai. Kutazama tena, sentensi ilianzia kwenye "Jini huyu".

"Musau, mbona unanifutia?" aliuliza kwenye simu ya video.

"Sijagusa kitu, daktari. Nilidhani ni wewe."

Kila mmoja aliona kistari chake cha kuandikia, na cha mwenzake chenye jina. Lakini palikuwa na kistari cha tatu, bila jina, kikipepesa katikati ya mstari. Kikarudi nyuma polepole, kikafuta "aliishi", kikaandika "anaishi".

"Funga," Mwongeli alisema. Wakafunga.

Makala yalihusu nyimbo za kilumi, ngoma ya Wakamba ya kutuliza pepo. Wimbo mkuu Mwongeli aliurekodi kwa Kamanthe, bibi wa miaka themanini na kitu anayelima mtama Kivaa. Kamanthe aliimba, kisha akamshika mkono. "Hapo umesikia jina la jini mwenyewe. Usiliandike. Akiandikwa, amepewa mahali pa kukaa."

Mwongeli aliahidi. Lakini alipomtumia Musau sauti ile hakumwambia neno. Aliona haya, daktari mzima kumwonya mwenzake juu ya jini. Musau akaandika wimbo wote, na jina likiwemo.

Asubuhi iliyofuata ofisi ilinuka tope, lile tope la bwawa la Masinga maji yakipungua. Mfanyakazi wa usafi akapiga deki mara mbili; harufu haikuondoka. Mwongeli akafungua faili alifute jina mwenyewe. Kila alipolifuta lilirudi, herufi moja moja, bila haraka. Na ile sentensi yake sasa ilisema: "Jini huyu anaishi Syokimau, kwa Musau, chumba cha pili."

Akampigia. Alipokea Ndanu, mke wa Musau.

"Ongea polepole, atasikia," Ndanu alinong'ona. "Tangu alfajiri amekaa chumba cha pili na kompyuta, hali, hanywi, anapiga meza kwa vidole kama ngoma, na maji yanatoka chini ya kiti chake, maji ya matope, napangusa yanatoka tena, na nikimwita ananijibu kwa Kikamba ambacho hata mama yangu hangekielewa, na si sauti yake, dada, ni sauti ya mwanamke."

Mwongeli aliendesha gari hadi Kivaa bila kusimama popote. Akampata Kamanthe shambani, akapiga magoti pale pale kwenye mtama. "Susu, bibi yangu, nilikosea. Jina limeandikwa."

Bibi hakumgombeza. Alimwongoza hadi bomani, akachukua ngoma yake, akauliza, "Huyo mtu yuko wapi?"

"Mbali. Lakini naweza kukuonyesha kwa simu."

"Basi nionyeshe. Kama jini alipita huko, na mimi nitapita."

Ndanu akaishika simu kule. Musau alionekana ameinama, midomo ikienda. Kamanthe akapiga ngoma. Aliimba, akauliza, akanyamaza kusikiliza, na ile sauti ya kike ikamjibu kutoka kinywani mwa Musau, ikilia, ikipanda, hadi mbwa wa boma zima wakaingia chini ya ghala, na Mwongeli, aliyekuwa ameandika kurasa arobaini kuhusu sauti kama hiyo, akaziba masikio na kuanza kusali.

"Anasema msitu wake ulikatwa," Kamanthe alisema. "Hana kwao. Mwambie kijana afute. Aliyeliandika ndiye atalifuta."

"Musau! Futa!" Mwongeli alipiga kelele.

Kidole cha Musau kilisogea juu ya kitufe. Kikashuka. Herufi moja. Ya pili. Ilipotoka ya mwisho, alianguka kifudifudi mezani, akatapika maji meusi, akamwita mkewe kwa sauti yake mwenyewe.

Ndanu alilia. Mwongeli naye alilia, amekumbatia magoti ya bibi.

"Wangapi wengine wako nalo?" Kamanthe aliuliza.

"Hakuna, Susu. Tulikuwa wawili tu."

Simu ilikuwa bado wazi. Musau alikohoa. "Daktari," alisema kwa shida, "juzi niliutuma wimbo kwa kile kikundi chetu cha watafiti. Niliomba maoni. Wengi walijibu kwamba wameunakili kwenye makala yao."

"Wangapi, Musau?"

"Sitini na wawili."

Mwongeli alimtafsiria bibi kwa Kikamba, ingawa alijua ameelewa. Kamanthe aliitazama mikono yake iliyochubuka kwa ngoma.

"Mimi niko mmoja tu, mwanangu," akasema.