Kuku Walioijua Chupa ya Christella

Kila asubuhi, kabla Christella hajavaa viatu, tantine Annette, mama yake mdogo, alikuwa ameshajaza chupa yake ya kijani. Ndani hamkuwa na maji wala chai. Mlikuwa na uji wa mahindi, mwembamba sana, wenye chumvi kidogo, sukari kidogo na ndimu. Kule Tchomia, kando ya ziwa, mama yake Christella na wenzake waliunywa siku nzima walipokuwa wakikausha samaki kwa moshi, maana joto la moto liliwatoa jasho jingi. Mama alibaki huko na kazi yake, akamtuma binti yake Bunia, mtaa wa Nyakasanza, asome akikaa kwa tantine.

"Usirudishe hata tone," tantine alimwambia kila siku.

Christella alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika Bunia nzima hakuwa na rafiki hata mmoja. Sisemi hivyo ili umwonee huruma; ndivyo mambo yalivyokuwa. Shuleni alipenda kitu kimoja tu: timu ya mpira ya wasichana. Alikuwa na mbio, na mwalimu Brigitte alimpa nafasi tangu wiki ya kwanza. Bila mpira angekuwa amekwisha omba arudishwe ziwani.

Lakini siku ya kwanza, baada ya mazoezi, alipofungua chupa yake, kapteni Elodie aliangua kicheko.

"Muangalie! Iko anakunywa maji ya kuosha muchele!"

Wote wakacheka. Kisha wakaketi duara na kupokezana chupa ya sucré, soda nyekundu yenye povu. Ilipomkaribia, Christella alisema haraka, "Sina na kiu."

Hawakumwuliza tena, siku ile wala siku zilizofuata. Alikaa peke yake kando ya goli, koo limekauka, akijifanya anafunga kamba za viatu. Akizifunga, anazifungua, anazifunga tena. Moyo ulimuuma sana.

Tangu hapo, kila asubuhi aliumwaga uji mtaroni, karibu na nyumba ya jirani yao, mama Kanyere. Kuku wa mama Kanyere waliuzoea haraka. Wakiiona tu ile chupa ya kijani, wanakuja mbio na makelele yao. Christella aliwasalimia mmoja mmoja. Katika mji mzima, wao tu ndio waliokuwa wakimngoja.

Ikafika wiki ya mechi na shule moja ya eneo la Shari. Jua la kiangazi liliwaka bila huruma. Katikati ya mazoezi, mguu wa Christella ulikaza, akaanguka ameshika paja, kichwa kinazunguka. Mwalimu Brigitte alimsogeza kivulini.

"Umekunywa nini leo?"

"Uji ya tantine," alijibu. "Nilimaliza yote."

Elodie alikuja mbio na sucré. "Kunywa, itakupa nguvu!" Christella aliigugumia yote, na muda si mrefu akaitapika yote. Mwalimu akampa maji, funda moja moja, mpaka macho yakatulia. Kisha akasema kwa upole, "Kama umekunywa vizuri na bado unaanguka, basi uko mgonjwa. Mechi hutacheza."

Christella akauma midomo. Akisema kweli, watamcheka tena. Akinyamaza, mpira nao umemponyoka.

Tantine Annette, aliyekuwa ameitwa, alifika akihema, chupa ya kijani mkononi, imejaa upya.

"Kuku za mama Kanyere zimenifuata mpaka ku barabara," alisema. "Zote! Juu ya hii chupa. Christella, zimeijulia wapi?"

Machozi yakamtoka Christella.

"Nilikuwa naimwaga, tantine. Kila siku. Hapa banacheka uji yetu. Niko peke yangu!"

Elodie akaangalia chini. Tantine hakugomba; alikaa mavumbini karibu naye, akamkumbatia.

Kesho yake, baada ya kukimbia, mwalimu Brigitte alipanga vinywaji mezani: maji safi, sucré, kopo la kinywaji cha nguvu, maziwa, na uji wa tantine. Kopo alilisukuma pembeni. Vingine aliwaachia wasichana wachague. Elodie alichagua sucré. Punde akaanza kucheua na kutafuta maji.

"Mumeona?" mwalimu alisema. "Sucré ina sukari nyingi mno, kiu inarudi. Kopo hili linaendesha moyo mbio, si la watoto. Siku nyingi maji safi yanatosha, halafu unakula nyumbani. Maziwa pia ni mazuri, mchezo ukiisha. Lakini jasho likitoka sana, chumvi inatoka nalo, na uji huu unarudisha maji na chumvi. Ila chumvi yake isizidi ile ya machozi."

Ladha hiyo Christella aliijua vizuri. Akaonja uji: haikuzidi.

"Leteni gobleti, kila mutu na yake," mwalimu aliongeza. "Magonjwa yanapita ku mudomo wa chupa."

Elodie ndiye aliyetangulia kunyoosha kikombe chake. "Unisamehe, Christella. Kuko uji yangu pia?"

Christella akammiminia, kisha akaingia kwenye duara.

Mwalimu Brigitte alimwita kabla ya kuondoka. "Mechi utacheza. Lakini sikia, mutoto yangu. Watu unaweza kuwaambia huna kiu, mwili haudanganyiki. Na anayetaka kukusaidia, ukimficha kweli, atakusaidiaje? Hata ukiwa mpweke, sema. Usingoje kuku wakusemee."

Jumamosi asubuhi, siku ya mechi, kuku wa mama Kanyere walikuja mbio mtaroni. Christella aliikumbatia chupa kifuani.

"Leo hapana," aliwaambia. "Kuko batu bananingoja."