Kamera Mbili, Nambari Moja

Nyumbani kwa Mishi, Msambweni, ukiita "Mishi!" huitikia watu wawili: msichana wa miaka kumi na mitatu, na nyanya yake. Msichana alipewa jina la nyanya, kwa hiyo wawili hao ni somo. Wageni hucheka. Mishi mdogo alikuwa amechoka kukimbilia mlangoni na kuambiwa, "Si wewe, namtaka mkubwa."

Jumamosi hiyo asubuhi alifagia chumba cha kazi cha shangazi yake kwa hasira, ufagio ukigonga miguu ya meza. Kazi ya Shangazi Husna ilikuwa kurusha video za sherehe mtandaoni, moja kwa moja, bila kutoka nyumbani. Kamera zilikuwa huko kwenye sherehe. Yeye alichagua picha kwenye kompyuta na kuzituma kwa watazamaji. Baada ya shule aliwafundisha Mishi na rafiki yake Chiku namna ya kuunganisha vifaa katika mtandao.

"Kila kifaa kina nambari yake," aliwaambia kila siku. "Iandikeni daftarini kwanza, ndipo muiingize."

Daftari alipewa Chiku. Hilo ndilo lililomchoma Mishi. Nyumba ni yetu, shangazi ni wangu, halafu daftari ashike yeye! Kwa hiyo jana, Chiku alipoanza kumsomea nambari zilizokwisha kutumika, Mishi aliivutia kwake kamera ya tatu.

"Niachie! Silitaki daftari lako."

Akanakili mipangilio yote ya kamera ya pili, akaitia katika ya tatu, akafunga mkoba wa kamera.

Sasa kamera zilikuwa Diani, kwenye nikahi ya Sumaiya. Nassir, msaidizi wa Husna, alipiga picha upande wa wanaume kwa kamera ya pili; dada yake alikuwa na ya tatu chumbani kwa bibi harusi. Baba yake Sumaiya, Abdulrahman, ni baharia. Meli yake ingeng'oa nanga saa tano kamili katika bandari ya mbali, na baada ya hapo asingepata mtandao kwa wiki mbili. Aliomba jambo moja tu: amwone binti yake siku ya kuolewa.

Saa nne na nusu picha zikaanza kukatika. Mara wanaume mkekani, mara pazia la chumbani, mara giza.

"Nassir!" Husna alifoka kwenye simu. "Mtandao wa huko una nini?"

"Huku uko sawa, dada! Tazama kwako!"

Simu nyingine ikalia. Ilikuwa sauti ya Abdulrahman. "Husna mwanangu, mimi naona pazia tu. Wameshaanza?"

"Bado, ami. Subiri kidogo." Husna akageuka, uso umemwiva. "Nani aliyeingiza nambari ya kamera ya tatu?"

"Chiku," Mishi akasema haraka.

Chiku, aliyekuwa ameketi kando ya meza na daftari lake, aliruka kitini. "Mimi? Mwongo mkubwa we! Hata kuigusa hukuniachia!"

"Mwenye daftari nani?"

"Daftari si kamera, mjinga wee!"

"Nyamazeni!" Husna akapiga meza. "Kamera ziko Diani. Siwezi kunyoosha mkono nikachomoa waya. Ninafuata maneno yenu tu! Chiku, nipishe."

"Haya, kaeni na uongo wenu!" Chiku akatoka na daftari kwapani, machozi yakimtoka.

Papo hapo jirani akabisha. "Hodi! Mishi!"

"Bee!" akaitika Mishi.

"Naam!" akaitika nyanya kutoka jikoni.

Jirani akasimama mlangoni na sahani yake, hajui ampe nani. Mishi alimtazama jirani, akaitazama ile picha inayorukaruka.

"Shangazi, kamera mbili ni somo. Kama mimi na Nyanya. Nambari ni moja, zinaitika pamoja. Ni mimi niliyenakili. Si Chiku."

Husna akaishika simu. "Nassir, mwambie dada yako azime kamera yake. Sasa hivi!"

Picha ya kamera ya pili ikatulia. Sheikh alikuwa ameshika mkono wa bwana harusi. "Nimekubali," sauti ikasikika wazi. Lakini bibi harusi hakuonekana, na zilibaki dakika kumi na mbili kabla ya meli kuondoka.

"Nambari ipi bado haijatumika? Daftari liko wapi?" Husna akauliza. Kisha akakumbuka. "Mkimbilie!"

Mishi alimkuta Chiku karibu na duka.

"Chiku, nilikusingizia. Tafadhali, lile daftari..."

"Sema kwa nguvu. Barabara nzima imeniona nikilia."

"Nimemsingizia Chiku!" Mishi akapaza sauti, masikio yakiwaka moto. "Kosa ni langu!"

Walirudi mbio. Chiku akapitia nambari zilizokwisha kutumika, akachagua hamsini na tatu, Husna akaitaja kwenye simu, dada yake Nassir akaiingiza katika kamera ya tatu. Saa tano kasoro dakika nne, uso wa Sumaiya ukajaa kwenye kioo cha kompyuta.

"Alhamdulillahi," Abdulrahman alisema, sauti ikikatika kwa kilio. "Nimemwona."

Saa tano simu yake ikakatika.

"Dakika nne," Husna alisema. "Baba amemwona mwanawe dakika nne, kwa sababu ya kiburi chako. Kosa la nambari ningelirekebisha mara moja. Uongo wako ndio ulionifunga macho. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama nimekasirika."

Nyanya alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Na jambo jingine, somo yangu. Jina unalolitia doa kwa uongo ni langu pia. Usinichafulie."

Mishi akainamisha kichwa. "Nisamehe, Chiku."

"Bado nina hasira," Chiku akajibu. Akafungua daftari, akamsukumia kalamu. "Andika: kamera ya tatu, hamsini na tatu. Kwa mkono wako."

Mishi akaandika.